Baiskeli nyepesi, magoti yanayouma na ngazi za ghorofa: mzee aanzie wapi?

Swali hili nalisikia sana kwa sisi tuliovuka 55 na bado tunaendesha: magoti yanauma, baiskeli nzito, ninunue nyepesi? Na jibu la vijana wa dukani huwa moja tu, shikamoo mzee, karibu, hii hapa alumini, hebu inua uone. Unainua, kweli nyepesi, unatoa hela. Miezi inapita goti linauma vile vile na hela ndo imeshaenda. Tatizo hapo ni kwamba hayo ni maswali matatu yamefungwa kwenye furushi moja. Baiskeli inalala wapi, kiungo gani kinauma na kinauma ukifanya nini, halafu ndo unakuja kwenye baiskeli yenyewe. Wengi wanaanza na la mwisho. Mi nasema anza na pale inapolala, hata kama inaonekana kama nimeanza kinyumenyume.

Tuongelee uzito kwanza maana hapa ndo watu wanadanganyana. Phoenix ya kawaida, ile ndefu nyeusi yenye breki za fito, au Avon na Hero za kutoka India, au ile wenzetu wa Kenya wanaita Black Mamba, zote hizo zinacheza kwenye kilo 20, na ukifunga keria nene na stendi ya miguu miwili inapita hapo. Mountain bike ya bei rahisi ni kilo 15 mpaka 17, zile zenye springi mbele na nyingine katikati zinafika 18 na kitu. Baiskeli ya alumini nzuri isiyo na springi ni kilo 11 mpaka 13. Zile za mashindano za kaboni ni kilo 7, 8 hivi, na chama cha dunia cha baiskeli, UCI, hakiruhusu iliyo chini ya kilo 6.8 kwenye mashindano yake, kwa hiyo mtu akikuuzia baiskeli ya watu wazima mtaani anakwambia ina kilo 5 we mwangalie tu.

Sasa piga hesabu. Mzee ana kilo 75, Phoenix kilo 20, jumla 95. Ananunua ya kilo 12, jumla inakuwa 87. Amepunguza kama asilimia 8 ya mzigo wote ambao miguu inausukuma, maana miguu haijali kilo ipi ni ya chuma na ipi ni ya ugali. Kwenye tambarare hiyo 8 huisikii kabisa, kinachokumaliza nguvu pale ni upepo wa mbele na matairi yaliyolegea. Kwenye mlima utaisikia, ila kidogo. Lakini siku unayoinua baiskeli begani, kutoka kilo 20 kwenda 12 umepunguza asilimia 40, na hiyo utaisikia mgongoni, begani, magotini, kila mahali. Yaani uzito wa baiskeli unausikia zaidi ukiwa umeibeba kuliko ukiwa umeikalia. Mtu ambaye baiskeli yake inalala chini, uani, mlango kwa mlango, hana sababu kubwa ya kununua wepesi. Wa ghorofa ya tatu anayo.

Na hapa ndo magoti yanaingia kwa njia ambayo watu hawaitegemei. Kuna watafiti, Ujerumani na Marekani, waliowahi kupima watu waliowekewa magoti ya bandia yenye vipimo vya kielektroniki ndani yake, kwa hiyo si kukisia, goti lenyewe linatoa taarifa. Ukitembea kawaida, mzigo ndani ya goti unafika mara mbili mpaka tatu ya uzito wako. Ukipanda ngazi ni kama mara tatu, ukishuka inazidi hata hapo. Ukiendesha baiskeli ya mazoezi kwa nguvu za kawaida ni kama mara moja na kidogo tu. Rudia kuisoma hiyo. Kuendesha ndo kazi nyepesi kuliko zote kwa goti, nyepesi hata kuliko kutembea kwenda dukani, na kushuka ngazi ndo inayolitesa.

Kwa hiyo mzee wa kilo 75 anayeshuka ngazi asubuhi na Phoenix begani, goti lake kila hatua linapokea kitu kama kilo 300. Halafu anapanda baiskeli, anaendesha nusu saa, jioni goti linavimba, na anasema baiskeli imeniua magoti. Nina mwenzangu Upanga, kwenye maghorofa yale ya zamani yasiyo na lifti, alikuwa kwenye hatua ya kuacha kabisa kuendesha. Tulipomuuliza vizuri, maumivu yanaanza saa ngapi, kumbe yanaanza kabla hajakanyaga pedeli, pale kwenye ngazi. Akapata sehemu ya kuiacha chini kwa mlinzi, baiskeli ile ile, goti likatulia. Hajanunua kitu.

Sa inalala wapi? Kama unakaa nyumba ya chini ruka hapa, endelea na siti na gia mbele huko. Kama unakaa juu, kabla ya kufikiria duka zunguka jengo lako kwanza. Uvungu wa ngazi za chini karibu kila jengo upo, na mara nyingi umejaa ndoo za rangi zilizokauka na tangi bovu la mtu aliyehama zamani. Ukiongea na wapangaji wenzako ukajitolea kusafisha, umepata stoo. Fundi wa kuchomelea anakuwekea pete ya chuma ukutani, unafunga kufuli kupitia fremu na gurudumu kwa pamoja, si gurudumu peke yake, maana gurudumu linafunguliwa na spana moja na utakuta asubuhi gurudumu limefungwa vizuri sana na baiskeli haipo. Siti nayo, kama ni ile ya kufungua kwa mkono bila spana, panda nayo nyumbani. Mlinzi wa geti ni mtu wa kukaa naye vizuri, ya soda kila wiki ni bei ndogo kuliko goti. Wenye maduka ya chini nao wengine wanakubali iingie ndani usiku, mradi asubuhi umeitoa kabla hajapanga bidhaa.

Ikishindikana kabisa na lazima ipande, kuna kitu watu hawakijui huku lakini Uholanzi kipo kwenye ngazi nyingi za stesheni za treni. Ni reli. Chaneli ya chuma yenye umbo la U, pana kidogo kuliko tairi lako, inalazwa pembeni mwa ngazi kutoka chini mpaka juu, unaweka matairi ndani yake unasukuma baiskeli huku wewe unatembea pembeni bila mzigo begani. Ngazi za kawaida zina mwinamo wa nyuzi 30 na kitu, na kwa mwinamo huo kusukuma kunahitaji kama nusu ya uzito, kilo 20 inakuwa kama unasukuma 10 au 11, na wakati wote uzito uliobaki unabebwa na reli na ngazi badala ya mgongo wako. Kushuka unashika breki ya nyuma taratibu. Fundi yeyote wa madirisha anaweza kuitengeneza, ila msimamie kwenye jambo moja, isikae imebanana na ukuta. Usukani una upana, pedeli nayo inachomoza, ikiwa karibu mno unalazimika kuilaza baiskeli upande wako na hapo umerudi kwenye kubeba. Sogeza sentimeta 20 hivi, jaribu na baiskeli yenyewe kabla hajapiga bolti. Na ongea na majirani kwanza, msije mkaanza vita ya ngazi.

Ndani ya nyumba watu wanapenda kutundika ukutani, wameona kwenye picha, sebule nzuri, baiskeli iko juu ya kochi. Kwa mzee mwenye bega linalouma hiyo ni hatari kubwa kuliko ngazi. Kunyanyua kilo 15 juu ya kichwa ndo kazi mabega ya miaka 60 hayaitaki kabisa, ile misuli midogo inayozunguka bega ikichanika haiponi haraka. Kama nafasi ni ndogo isimamishe, gurudumu la nyuma chini, la mbele linaning'inia kwenye ndoano. Unaisimamisha kwa gurudumu la nyuma, unalisukuma la mbele lipande ukutani, unakuwa umenyanyua kama nusu tu. Au weka kapi darini, lile la kamba, roda mbili, unavuta ukiwa umesimama vizuri, ila boriti iwe imara si jipsamu.

Wa pwani mna jambo la ziada, chumvi. Baiskeli ikilala barazani Tanga, Mombasa, Unguja au hapa Dar karibu na bahari, chuma kinakula kutu hata pasipo mvua. Watu wanafikiri alumini imewaokoa. Kutu nyekundu kweli haipati, lakini bomba la siti likiwa chuma na fremu ni alumini, au kinyume chake, hewa ya chumvi inavishikamanisha mpaka siku unataka kupandisha siti inagoma, fundi anakuja na nyundo na hapo fremu inaweza kufa. Toa bomba la siti kila baada ya miezi michache, futa, paka grisi, rudisha. Dakika tano.

Haya, viungo. Huku kwetu kuna maneno yamezoeleka, ute umeisha magotini, grisi imekauka, na kuna watu wanauza vidonge na unga kwa maneno hayo hayo. Kinachotokea kwa wengi wetu ni kwamba ile gegedu, lile tabaka laini linalofunika ncha za mifupa, limelika na limekuwa bovu. Na gegedu haina mishipa ya damu, chakula chake inapata kutoka kwenye ule ute wa kiungo, unaoingia na kutoka pale goti linapobanwa na kuachiwa, likibanwa na kuachiwa. Ndo maana ukikaa wiki nzima kwenye kiti goti linakakamaa na ukizungusha pedeli kiulaini linalegea baada ya dakika kumi. Mzunguko wa pedeli ni karibu dawa, mradi usiukabe kwa gia nzito.

Maumivu yakiwa mbele ya goti, kwenye kilegesambwa na kuzunguka hapo, mshukiwa wa kwanza ni siti iko chini. Na wazee karibu wote siti zetu ziko chini! Sababu inaeleweka, mtu anataka akisimama miguu yote miwili ikanyage ardhi huku amekaa, anaogopa kuanguka. Lakini siti ya hivyo inalilazimisha goti likunjike sana kila mzunguko na kusukuma likiwa limekunjika hivyo, na huko kukunjika ndo kunabana kilegesambwa. Kipimo chake ni rahisi, kaa juu ya siti umeegemea ukuta, weka kisigino juu ya pedeli ikiwa chini kabisa, mguu unatakiwa unyooke kabisa bila nyonga kuyumba upande. Halafu ukiendesha unakanyaga kwa ile sehemu pana ya mbele ya wayo, goti linabaki limekunjika kidogo tu pedeli ikiwa chini. Kama sasa hivi siti yako iko chini sana usiipandishe yote siku moja, pandisha sentimeta moja, endesha siku kadhaa, pandisha nyingine. Ukiona maumivu yamehamia nyuma ya goti umepitiliza, rudisha kidogo. Na jifunze kusimama kwa kushuka mbele ya siti, mguu mmoja chini, badala ya kukaa umekanyaga. Phoenix nyingi bomba la siti ni fupi, usilivute likapita alama ya mwisho, nunua refu, bei yake si ya kutisha. Siti za ngozi zenye springi nazo zinabonyea zikizeeka, unajikuta umeshuka bila mtu kugusa spana.

Mshukiwa wa pili ni gia, na hapa nitakaa kidogo maana ndo hela nyingi zinapookolewa. Phoenix ina meno 48 mbele na 20 hivi nyuma. Mzunguko mmoja wa pedeli unaisukuma baiskeli mbele kama mita 5 na kitu. Kwenye mlima, ukienda kilomita 8 kwa saa, miguu inazunguka mara 25 tu kwa dakika, yaani husukumi tena, unasimama juu ya pedeli moja halafu nyingine kama unapanda ngazi, na goti linauma kama kwenye ngazi. Sasa chukua baiskeli yenye gia, weka mbele meno 28 na nyuma 28, mzunguko mmoja unakwenda mita 2 na kidogo, mlima ule ule mwendo ule ule miguu inazunguka zaidi ya mara 60 kwa dakika na kila mkanyago ni chini ya nusu ya nguvu ya mwanzo. Chini ya nusu! Linganisha na ile asilimia 8 ya kununua baiskeli nyepesi. Na hata bila kununua chochote kikubwa, mwambie fundi akutolee kile kisahani cha meno 20 nyuma akuwekee cha 22, aongeze pingili ya cheni kama haifiki, umepunguza kama asilimia 9 ya nguvu ya kila mkanyago. Yaani kisahani kimoja cha meno kimekupa milimani kile kile ambacho kilo 8 zingekupa, na bei yake huwezi hata kuilinganisha na baiskeli mpya. Utapoteza mwendo kidogo kwenye tambarare. Sasa mzee unawahi wapi?

Ukipata baiskeli yenye gia itumie basi. Nawaona watu wana gia 21 na cheni haijawahi kuhama kwenye meno makubwa ya mbele tangu inunuliwe, wanaona gia nyepesi ni ya watoto. Zungusha haraka haraka kiulaini, mizunguko 70 kwa dakika hivi, badilisha gia kabla ya mlima si katikati ya mlima.

Nyonga ni habari nyingine. Wengi nyonga haiumi wakiwa wanaendesha, inauma wakirusha mguu juu ya keria na siti. Hapo jawabu ni fremu iliyoshuka katikati, ile wanayoiita baiskeli ya kike, na najua wanaume wa kwetu watasema hapana, mimi na baiskeli ya kike mtaani, watanionaje. Uholanzi wazee wa kiume wanaendesha hizo bila habari, maana wazee wengi wanaangukia pale pale kwenye kupanda na kushuka. Ukikataa kabisa basi ilaze baiskeli kwako mpaka bomba la juu lishuke, pitisha mguu, ndo uinyanyue.

Mikono, ganzi kwenye kidole cha mwisho na cha pete, hiyo ni mshipa wa fahamu unabanwa kwenye kiganja, maana yake umeegemea usukani kupita kiasi. Pandisha usukani ulingane na siti au upite kidogo, badilisha vishikio viwe vinene. Dole gumba likiuma ukishika breki, zile breki za fito zinataka nguvu nyingi kuliko breki za waya, hiyo ni sababu halali kabisa ya kubadilisha baiskeli. Mgongo na shingo vinafuata hapo hapo kwenye usukani. Na matairi mapana yenye upepo wa wastani yanapunguza mtikisiko wa barabara za kwetu kuliko springi ya bei rahisi, ambayo inaongeza kilo mbili na baada ya muda inaganda haichezi tena.

Kuna mambo si ya siti wala gia. Goti limevimba lina moto na wekundu, au dole gumba la mguu limeamka usiku haliguswi hata na shuka, hiyo inaweza kuwa gauti au maambukizi. Kigimbi kimoja kimevimba kinauma, usisubiri kesho. Goti linakwama katikati halikunjiki halinyooki, nenda hospitali. Na hizi diklofenaki za kununua tu dukani, mtu anameza kabla ya kutoka kuendesha, kila siku, wenye presha na wenye figo zenye shida hizo dawa zinapandisha presha na kuumiza figo, na tumbo pia, muulize daktari kwanza. Kingine, baiskeli haiimarishi mifupa sana kwa sababu hubebi uzito wako mwenyewe, kwa hiyo usiache kutembea kwa miguu, na akina mama waliokoma hedhi hilo linawahusu zaidi.

Sasa ukishayapitia hayo yote, siti imepanda, gia imelainika, na bado baiskeli lazima ipande ghorofani, au breki zinakushinda, au unakaa Lushoto au Bukoba au Kigali kwenye milima, hapo nunua. Nenda na vitu viwili, mizani ya kujipimia na kasumaku kadogo. Mizani, unapanda wewe peke yako, halafu unapanda umeishika baiskeli, tofauti ndo uzito wake, achana na karatasi na maneno. Sumaku, ikinata kwenye fremu ni chuma, isiponata ni alumini au kitu kingine kisicho chuma, na nimeshaona fremu zimeandikwa alumini kwa herufi kubwa sumaku imeganda tii kama imegundishwa. Chuma si dhambi, kuna chuma chepesi cha bomba jembamba kinachodumu miaka na miaka, ila ujue unacholipia.

Mtumba kutoka Japani una mtego wake. Zile baiskeli za kapu mbele, fremu imeshuka, wengi wanadhani za Kijapani ni nyepesi, nyingi ni chuma na zinafika kilo 18 mpaka 20 kama Phoenix. Sifa yake iko kwingine, fremu ya kushuka, mara nyingi gia tatu zilizofichwa ndani ya gurudumu la nyuma, mkao ulionyooka. Kwa mzee wa nyumba ya chini hiyo ni baiskeli tamu kuliko alumini ya kisasa, kwa wa ghorofa ya tatu ni adhabu. Za Uholanzi nazo nzito hivyo hivyo, na nyingine zimetengenezwa kwa watu warefu, siti ikishushwa mpaka mwisho bado unaning'inia.

Alumini ya mtumba ikague kwenye viungo vya kuchomelea, hasa shingo ya mbele na chini kwenye krenki, pitisha kucha, mpasuko mwembamba kama unywele unatosha kuikataa. Kaboni ya mtumba mi naikataa moja kwa moja, ufa unaweza kuwa ndani usiouona na siku ikikatika haikupi onyo. Matairi ya inchi 26 unayapata hata kijijini, yale membamba ya 700 ukitoka mjini ni kutafuta kwa tochi, kwa hiyo kama unasafiri nayo chagua kwa kufikiria tyubu pia. Kisha uliza kama kuna ngazi pale dukani, ibebe upande na ushuke nayo ghorofa moja mwenyewe, kijana asikusaidie. Zingine kilo ni chache lakini bomba limekaa vibaya begani, hakuna pa kushika.

Za kukunja zinavutia kwa wa maghorofa. Brompton ya Uingereza ni kilo 11 au 12 na inakunjika ikawa kama sanduku, bei yake ni ya kukaa chini kwanza. Za bei rahisi ni kilo 14 mpaka 16, uzito umekusanyika sehemu moja kwa hiyo kubeba ni afadhali kidogo kuliko baiskeli ndefu inayogonga kuta. Magurudumu madogo kwenye mashimo yetu yanakutikisa, chagua inchi 20 si 16, na kile kiungo cha kukunjia ukishike kwa mikono miwili ukitikise, kikicheza iache.

Za umeme, kwa goti hakuna inayozishinda, mlima unakuwa tambarare, na Uholanzi tangu miaka hii ya 2020 kama nusu ya baiskeli mpya zinazouzwa ni za umeme, wazee ndo walioanza kuzipenda. Lakini nyingi ni kilo 20 mpaka 25, tumerudi kwenye Phoenix, kwa hiyo ni ya mtu wa chini tu, au ile ambayo betri inatoka unapanda nayo peke yake, betri ni kilo mbili tatu hivi. Hiyo betri usiichaji umelala, wala kwenye korido ambayo ndo njia yako ya kutokea, na usitumie chaja isiyo yake. New York mwaka 2023 watu 18 walikufa kwenye moto wa betri za aina hiyo, nyingi za baiskeli na skuta, na zile za bei rahisi zilizounganishwa upya ndo za kuogopa kuliko zote.

Phoenix ya zamani usiiuze kwa haraka ya kupata nafasi. Kabla hata ya kununua nyingine jaribu kuivua, toa stendi ya miguu miwili uweke ya mguu mmoja, toa keria kama hubebi kitu, toa dainamo isiyowaka, unaweza ukashusha kilo mbili tatu kwa asubuhi moja na pengine zikakutosha. Ikishindikana ukaamua kuiuza, virudishe vyote kwanza. Mnunuzi wa Phoenix anataka abebe gunia la mkaa au madumu ya maji, isiyo na keria hatakupa hata nusu ya bei.